Majina Batatu kwa Mutoto Mumoja

Siku ya pili, tarehe 6 Mei

Kaye yangu, daftari yangu, unisamehe. Mara ya mwisho nilikuandikia, Abigaëlle, mutoto yangu, hakuwa ata na jino moja. Leo ana miaka mibili na nusu na anataka kula kalamu. Sikukusahau. Ulikuwa chini ya gunia ya unga, nimekukuta nikitafuta sabuni. Yaya Jeanne, dada yangu wa Fungurume, alikununua, akaandika jina yangu juu, Mignonne, ili niandike kila siku. Niliandika siku tisa. Halafu maisha.

Habari kwa ufupi: nimezaa tena. Musichana. Wiki tatu leo. Munono, muzuri, sauti kama ya muhubiri. Jina bado. Tutamupeleka mbele ya kanisa siku ya Mungu inayokuja, na pale njo atapata jina.

Tangu mbele ya Pasaka sijalala saa mbili bila kuamushwa. Kazadi, bwana yangu, anatoka saa kumi na moja ya asubuhi kwenda kazi, ni karani kwenye mine, mugodini. Mwenye ananiokoa ni mama yake, Mama Mbelu. Alikuja toka Musonoi siku nilizaa. Ni yeye anaosha mutoto, anamukanda, anamubeba mu mugongo nikiona usingizi unaniangusha.

Sasa, leo asubuhi namukuta anakunja bikwembe byake, bile bitenge bya kuvaa. Ameniambia siku ya nne anarudi kwake, kuku zake ziko peke yake. Roho ikaanguka mpaka mu viatu. Mbele ya kuwaza, mudomo umesema wenyewe: Mama, mi nilitaka mutoto abebe jina yako.

Amekaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hakujali. Analia! Ana bajukuu kumi na moja na hakuna ata mumoja anaitwa Mbelu. Bibi za batoto bake bengine banaume, amesema, balitafuta majina mu televizyo. Halafu amefuta macho, akakunjua bikwembe, akabirudisha ku musumari. Kuku zitalindwa na jirani. Anabaki.

Nimelala mufululizo saa moja na nusu. Kumbe ni rahisi hivi?

Siku ya tatu, tarehe 7 Mei

Mama Mbelu anabeba, anaosha mutoto, anaimba. Lakini kufua, hapana. Anasema mugongo yake ilikataa nguo tangu mwaka Kazadi alizaliwa. Bitambaa bya mutoto byenye kuchafuka: kumi na minane. Nimebihesabu mara mbili, ikiwa labda nilikosea. Sikukosea.

Fidélie akaingia kuona mutoto. Ni jirani, mushonaji, mwenye robine ya maji mu lupango yake, pale mu kiwanja cha nyumba. Hajaolewa. Dodo, mwanaume yake, tangu miaka mine anasema "mwaka unaokuja". Fidélie akashika bidole bya mutoto, akasema ona, bidole birefu, bya mushonaji. Mi nikasema ingekuwa bizuri mutoto kama huyu abebe jina ya mwanamuke mwenye mikono ya akili.

Nilisema "ingekuwa". Sikusema "itakuwa". Kaye, wewe ni shahidi.

Fidélie akapiga kelele mpaka bebe akaamuka. Kila mutu hapa anajua kazi ya majina, yaani somo wa mutoto: kama mutoto amebeba jina yako, yeye ni wewe, wewe ni yeye. Unamuvalisha, unamubeba, unasaidia mama yake. Saa sita bitambaa byote kumi na minane bilikuwa juu ya kamba, byeupe, mpaka vumbi ya barabara ikabifikia. Na akapima mutoto kanzu ya siku ya Mungu.

Nikaogopa atatangaza. Nikamwambia kwa uso wa nguvu kwamba mu kanisa yetu jina ya mutoto haitajwe mbele ya siku yenyewe. Ukiitaja, baraka inapoa kama bukari ya unga ya jana. Nilitoa wapi hiyo sheria? Sijui. Ilikuja na sauti ya ukweli kabisa. Jioni nikaipatia Mama Mbelu vilevile. Akaniambia kumbe wewe unajua Mungu kunipita.

Siku ya nne, tarehe 8 Mei

Saa tatu akaingia Mama Charlotte, prezidante wa bamama ba kanisa. Mutu ya heshima. Akiingia mu nyumba, ata mbabula ya makala inaacha kutoa moshi. Ni yeye anapanga zamu ya bamama kupikia mwenye kuzaa. Zamu yangu ilikuwa imeisha. Nyuma yake mama mumoja alikuwa na chungu ya sombe, majani ya muhogo yenye kupikwa, na niliona kwamba ile sombe ilikuwa inapita tu, inaenda kwa mutu mwengine.

Akauliza jina ya mutoto. Nikamuangalia. Akaniangalia. Nikamuangalia tena, kwa upole. Akaweka mukono mu kifua akasema: "Mi?"

Sikusema ndiyo. Nilishusha macho. Macho si neno.

Sombe ikaingia mu nyumba yangu. Zamu ya kupika imerudishwa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikamupatia na yeye ile sheria ya kutotaja jina. Hapo nilikosea. Mama Charlotte anapenda sheria kuliko nyama. Akauliza juu ya nini hakuna mutu alimufundisha hii miaka yote, akatoa karatasi mu sakoshi, akaiandika.

Saa nane, mutoto ndiyo amefunga macho, mi pia nimefunga, na kule kwenye mine bakapiga dinamiti. Vikombe vikacheza. Mutoto akaamuka. Lakini nilikuwa nimeshiba sombe, nikamunyonyesha nikicheka peke yangu. Nyumba iko safi. Chakula iko. Nani alisema kuzaa ni shida?

Siku ya tano, tarehe 9 Mei

Mbaya. Saa tano bote batatu bakakutana mu lupango yangu.

Mama Mbelu alikuwa na mutoto mu mugongo. Fidélie akamwomba kidogo, akamuinama mutoto mu sikio, akamunong'oneza. Mama Charlotte akamwomba kwa Fidélie, na yeye akanong'oneza. Mutoto akazunguka hivyo mara tatu kama sahani ya sadaka. Kila mumoja akimupokea ananiangalia mi, anafunga jicho moja. Na mi namufungia jicho. Jioni jicho yangu ya kuume ilikuwa inaruka peke yake.

Tena, jana ku mukutano Mama Charlotte alifundisha bamama bote ile sheria. Bamama babili benye mimba bamekwisha kukataa kuambia babwana zao jina. Pasta Barnabé akakuja mwenyewe, muzee wa watu, na Biblia mu mukono, akaniuliza polepole: Mama Abi, ile fundisho unaitoa mu mustari gani? Nikasema mutoto analia. Mutoto alikuwa analala mbele yake, mudomo wazi. Nikaingia mu nyumba nikamunyamazisha ivyo ivyo.

Mule ndani nikapata akili. Sisi hapa kila mutu ana majina matatu! Matatu! Batu batatu, majina matatu, sifa kwa Bwana. Halafu nikakumbuka kwamba moja ni ya ukoo, Tshilombo, ya baba ya Kazadi, na hiyo haiguswe. Inabaki mbili. Nikapanga maharagi juu ya meza: maharagi tatu, nafasi mbili. Nikajaribu kila namna. Nikalala juu ya maharagi. Moja imeniachia alama mu shavu.

Kazadi aliporudi aliuliza jina. Nikamwambia sheria. Akacheka. Akasema sheria ni sheria, lakini mama yake anaimba tangu siku ya pili, na yeye si mujinga. Akabeba mutoto, akamusalimia: "Jambo, mama. Umelala muzuri, mama?" Sababu kama mutoto anabeba jina ya mama yako, ni mama yako. Ata mi, mama mukwe yangu mudogo huyu sitaweza kumukaripia. Mutu wa wiki tatu!

Nilitaka kucheka. Nikaenda kuokota maharagi.

Siku ya posho, tarehe 10 Mei

Leo niliamua kusema kweli. Niliamuka nayo, nikakunywa chai nayo, nikafunga kitambaa mu kichwa, nikatoka.

Kwanza Fidélie. Nikamukuta mulangoni, anakuja kwangu na kanzu. Kaye, ile kanzu! Nyeupe, lesi ya dantele mu shingo, mikono ya kupepea. Na mu kifua, uzi mwekundu, herufi kubwa za kusomwa toka benchi ya nyuma: FIDÉLIE. Alisema hakutaja, aliandika tu. Alikuwa na macho mekundu, hakulala juu ya kumaliza. Nikamushukuru. Nikaendelea na njia.

Halafu Mama Charlotte. Nikamukuta mbele ya keki ya sakafu mbili. Ya juu ilikuwa na "Charlotte" kwa sukari ya pinki, lakini ameifunika na sahani, juu ya sheria. Nikasema nilipita tu kusalimia.

Nikarudi nyumbani. Mama Mbelu alikuwa anapiga pasi kikwembe chake cha bluu, kile cha ndoa yetu. Akaniambia, bila kuinua kichwa: mi siku moja nitakufa, Mama Abi. Lakini mu lupango hii mutu ataita, "Mbelu, kuja ule!", na mutu ataitika.

Nikaenda kuosha byungu. Bilikuwa bisafi.

Basi nimeamua. Mbelu. Imeisha. Nilimupatia wa kwanza, na ni yeye nilimutoa machozi. Bale bengine babili nitabaambia kesho asubuhi mbele ya ibada, wazi, kama mutu mukubwa. Ile uzi mwekundu, nitaweka bavuari kubwa ya kupokea mate juu. Sitaki tena mizunguko.

Siku ya Mungu, tarehe 11 Mei

Sikubaambia. Abigaëlle alijipaka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, toka kichwa mpaka miguu, tukafika bakiimba wimbo wa pili.

Nikajituliza. Pasta atauliza jina, Kazadi atasema Mbelu, bale bengine batakasirika bakiwa bamekaa. Hivyo njo nilipanga. Kumbe nilisahau namna kanisa yetu inafanyaga! Pasta Barnabé haanzi na jina. Alipakata mutoto, akatabasamu, akasema:

"Majina wa mutoto asimame, akuje mbele."

Bakasimama batatu.

Mama Mbelu na bluu yake, toka benchi ya pili. Mama Charlotte toka kiti chake cha prezidante. Fidélie toka upande wa korali, amevaa dantele ileile ya kanzu ya mutoto. Bakatembea. Bakafika. Mama Charlotte akainamia Fidélie akamwambia kwa upole, binti yangu, anakuja majina tu. Fidélie akajibu, ndiyo mama, nimekuja. Akainua bavuari mu kifua ya mutoto.

Ile uzi ilisomwa mpaka kwa benye kusimama inje. Mu korali mutu akacheka, sauti ya chini, ya pili akaingia, ya tatu.

Mama Mbelu hasome vizuri. Akauliza Kazadi polepole ile imeandikwa nini. Kazadi akamusomea. Akaniangalia. Hakukasirika, hapana, ingekuwa afazali. Uso yake ikafungwa kama duka mwenyewe amefiwa. Na mi nikaona nilimufanya nini. Sikuona siku ya pili, sikuona jana. Niliona pale, mbele ya batu mia mbili.

Pasta akauliza: Mama Abi, mutoto anaitwa nani? Nikanyoosha mukono kurudisha bavuari juu ya ile uzi.

Njo Mama Mbelu akanyoosha mikono, akakamata mutoto. Ni mama ya baba, ni haki yake, hakuna mwenye angemukataza. Akasema kwa sauti ya kufika kwenye paa:

"Pasta, andika Mignonne. Tshilombo Mignonne. Mama yake ana akili mingi, isipotee bule. Na yeye pia alee Mignonne, aone vile inakuwaga!"

Kanisa ikapasuka. Bamama bakapiga vigelegele, mwenye ngoma akapiga ngoma bila kuombwa. Pasta akaandika. Halafu akasoma, kama anasomaga kila mara, kazi ya majina: kumubeba mutoto mama yake akichoka, kumuvalisha, kumufulia, kumupikia, kumuombea. "Majina aitike."

Nikasimama peke yangu mbele ya kanisa, nikaahidi kujisaidia.

Mama Charlotte akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba sasa zamu imepata mwenyewe.

Siku ya kwanza, tarehe 12 Mei

Mama Mbelu amerudi Musonoi na moto, ile pikipiki ya kubeba batu, mbele ya chai. Hakusema neno baya. Aliacha maji ya moto ya mutoto mu beseni, imefunikwa, na bitambaa bimekunjwa. Hiyo iliniuma kuliko kelele.

Hakuna chungu iliyokuja. Fidélie aliomba kanzu, akafumua uzi mwekundu, akairudisha. Mu kifua kumebaki tundu ndogo ndogo, kwa jua bado unasoma. Alisema ataongea na mi wiki inayokuja, leo bado.

Bitambaa: ishirini na moja. Mi mwenyewe. Kazadi aliporudi alivua shati, akakaa mbele ya beseni, akafua na mi. Nikamwomba samahani juu ya mama yake. Akasema niombe kwa mwenyewe. Akakamua kitambaa, akasema: "Sasa niko na Mignonne babili. Mumoja anafua, mumoja anachafua." Nikamurushia maji.

Siku ya pili, tarehe 13 Mei

Nimeenda Musonoi. Mutoto mu mugongo, Abigaëlle katikati yangu na mwenye moto. Nimekula vumbi ya makamio, yale malori ya mine, mpaka meno ikasaga.

Mama Mbelu alikuwa anachagua mchele mbele ya mulango. Nikapiga magoti. Akaendelea kuchagua. Nikasema yote, ata sombe, ata macho ya kushusha. Akatupa jiwe moja, akatupa jiwe ya pili. Kuku zikakuja kuniangalia. Magoti ikauma. Halafu akaniuliza:

"Mama Abi, ungeweza kusema nini siku ile ulinikuta nakunja bikwembe?"

Nikamuokotea jiwe moja mu mchele.

"Ungesema, 'Mama, nimechoka.' Ni maneno mabili. Ningebaki. Jina ni ya nini?"

Nikalia juu ya mchele yake. Akanifukuza, akisema namulowanisha mchele. Nikamwambia mutoto mwenye anafuata, kama ni musichana, ni Mbelu, mbele ya Mungu, na nitaandika ata mbele ya kuzaa. Akasema atakubali siku ataona karatasi ya serikali, kanzu hapana. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akikumbuka uso ya Mama Charlotte. Tulicheka bote babili. Akakamata mutoto, akamwita, "Wewe Mignonne, muongo mudogo, kuja." Akanitandikia mukeka.

Nimelala saa tatu nzima. Bakapiga dinamiti karibu kabisa, bati zikalia, sikusikia. Ni yeye aliniambia.

Atakuja siku ya posho, abaki wiki mbili. Bila jina.

Siku ya tatu, tarehe 14 Mei

Mutoto analala. Abigaëlle analala. Sombe inachemka, nimeisaga mwenyewe. Nimekaa mu kivuli ya nyumba, jua ya baridi, roho iko muzuri. Bamama benye mimba bangali bananyamaza majina yao, na Pasta amekata tamaa, anasema haiharibu kitu.

Naandika hapa, kwa wino, juu nisisahau: jina ya mutoto si sabuni. Haipatiwe mutu ili akufulie. Sitarudia tena. Nimejifunza.

Saa ine Yaya Jeanne alipiga telefone toka Fungurume, mu soko yake, kelele nyuma. Amesikia habari ya kanisa, imefika kule mbele ya makamio. Alicheka, halafu akakuwa na huzuni kidogo. Akasema mi ni dada yako mukubwa, nilikununulia ata kaye, na sijawahi kusikia ukiwaza jina yangu.

Ningefanya nini? Ni dada yangu! Na kaka ya rafiki yake anakuja huku kwetu Kolwezi na kamio siku ya tano, nafasi ya mizigo iko. Nikamwambia, Yaya, unyamaze kwanza, usiambie mutu, lakini mwenye anafuata...

Si uongo. Mama Mbelu nilimwahidi musichana mumoja. Sikusema atazaliwa peke yake. Batu banazaaga mapasa kila siku, babili mara moja, na Mungu hashindwe. Jeanne alipiga kelele za furaha mpaka bacheteja, bale benye kununua, bakauliza nini. Akaniambia niandike byenye binapungua, byote, nisione haya. Nitamusomea kesho:

Sabuni ya kipande, kumi, ile ya bluu, si ya unga.

Bitambaa bya mutoto, byeupe, kumi na bibili.

Beseni moja kubwa yenye mikono mbili.

Mafuta ya ngazi, bidon ya litri tano (sababu anajua, nilimwambia habari ya Abigaëlle).

Samaki ya kukauka, kifurushi kimoja, isiyo na muchanga.

Sweta ya sufi ya mama mutu muzima, munene wa mabega, baridi ya Musonoi imeanza.

Na kofia ya mutoto mudogo sana, mbili, za kufanana.